Mimi Hupima, Sipimwi

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa la neno moja tu.

Ijumaa jioni nilisimama bombani, ndoo zikiwa zimepanga foleni na wenye ndoo wakiwa wamepanga umbea, nikatangaza kwa sauti niliyoiazima kwa muuguzi: "Jamani, kesho asubuhi napita nyumba kwa nyumba kuwapima!"

Umbea ukakatika. Nadhani hata bomba lilipunguza maji.

"Unatupima nani na nani?" mama wa dukani akauliza, mkono kiunoni.

"Wote, wakubwa kwa wadogo! Mkishapimwa tu, mnapewa dawa!"

Nikabeba ndoo yangu nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba nimeeleweka.

Sasa nieleze kilichonipeleka huko, maana mimi si muuguzi wala si balozi wa mtaa. Mimi ni Mama Kifungo. Kifungo ni binti yangu, ana miaka mitatu na nusu, na jina hilo alipewa na Fundi, mama mshonaji jirani yetu, kwa sababu kabla hajajua kusema "maji" alikuwa ameshameza vifungo viwili vya shati la mteja. Vyote vilirudi salama. Fundi hushona barazani kwake, mimi hupiga pasi pembeni yake, na Kifungo hushinda chini ya meza ya kukatia, kwenye lundo la vipande vya vitambaa. Analala humo, anaamka humo, anavipangia vyeo: hiki mama, hiki mwalimu, hiki mgonjwa.

Zamani alikuwa anashinda chekechea. Amerudishwa mara mbili kwa ajili ya upele. Mara ya pili mwalimu alimleta mpaka mlangoni akiwa amemshika ukosi wa blauzi kwa vidole viwili, kama mtu anavyotoa panya ndani.

"Si kwamba simpendi, mama yake," akasema. "Ila nina watoto thelathini."

Namwelewa. Lakini tangu siku hiyo Kifungo akiona wenzake wanapita asubuhi, huvaa mkoba wake mtupu na kukaa kizingitini, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilimpaka dawa siku zote nilizoambiwa. Nikachemsha mashuka, nikaanika godoro, nikamkata kucha mpaka akaniona adui. Upele ukapona. Baada ya wiki kadhaa ukarudi, tena umenenepa.

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyenifungua macho. "Ni kijidudu," aliniambia. "Hukioni, kinachimba chini ya ngozi, kinatoka kwa huyu kinahamia kwa yule. Ukimtibu mtoto ukamwacha jirani yake, umefagia uwanja upepo ukivuma. Safari hii tunataka mtaa mzima umeze siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, halafu tena baada ya wiki. Nahitaji mtu mmoja kila mtaa, anayejua kuandika vizuri."

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Na binti yangu?"

"Mlete nimkague baada ya mwezi. Akiwa safi, nampa karatasi ya kurudi chekechea."

Basi kila nilichofanya baada ya hapo, kiandikeni kwa jina la karatasi hiyo.

Alinipa makopo ya vidonge, daftari na ufito. Ufito ndio ulikuwa mzani wetu, kwa sababu dawa hii idadi yake hufuata urefu. Ulikuwa na mistari minne ya rangi, mwekundu chini na wa bluu juu kabisa. Unamsimamisha mtu, unaangalia kichwa chake kimepita rangi gani, unahesabu vidonge. Aliye chini ya mstari mwekundu hamezi, anapakwa tu. Mjamzito vilevile. Nikauweka ufito nyuma ya mlango, nikamwambia kila aliyemo ndani asiuguse, na ndani tuko watu watatu.

Jumamosi niliamka na furaha mbili.

Ya kwanza, meza yetu ilikuwa imetulia. Meza hiyo imechechemea tangu tuinunue. Ndipo tunapolia chakula na ndipo ninapofanyia mazoezi ya darasa la jioni, na kila nikiandika "a" inatoka kama chura. Siku hiyo niliweka chai na haikumwagika hata tone. Baba Kifungo alikuwa anakunywa yake huku anatabasamu kama aliyeficha kuku.

"Umeifanya nini?"

"Mwashi hatoi siri za ujenzi," akasema. "Weka pimamaji juu yake kama huamini. Povu limesimama katikati kama askari."

Furaha ya pili ilinitoa machozi kidogo. Nilimsimamisha Kifungo ukutani, nikauweka ufito ubavuni kwake, na kichwa chake kikapita mstari mwekundu. Hakikugusa tu, kilipita, tena kwa vidole vitatu. Sikuamini. Mtoto wangu, ambaye kila kliniki huniambia ni mdogo wa umbo, leo anameza kidonge kama watu wazima! Hakuna tena kupaka, hakuna tena kulia kwamba inawasha.

"Nimekuwa mrefu?" akauliza.

"Umekuwa mnara, mwanangu."

Muuguzi alitaka watoto wote wameze saa sita, yeye akiwepo. Kwa hiyo nikatoka na ufito begani kuanza na wakubwa.

Mtaa mzima ulikuwa umesafiri.

Nilibisha nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili kimya vilevile, ila sufuria ilikuwa jikoni, mfuniko unacheza. Ya tatu nikasikia mtu anapiga chafya, halafu sauti ya katoto: "Mama amesema hatupo."

Hapo ndipo nilipolielewa neno langu. Kwetu kupima ni kupima: unapima unga, unapima kiwanja, unapima kitambaa, unapima damu. Lakini liweke neno hilo karibu na "dawa", uone nani atakumbuka unga.

"Mwambie mama napima urefu!" nikapaza sauti. "Urefu tu! Sina hata sindano!"

Kitasa kikazunguka. "Urefu?" mama wa katoto akachungulia. "Sasa si ungesema tangu jana! Mume wangu yuko darini tangu alfajiri!"

Habari ikakimbia kuliko mimi. Milango ikafunguka, waliosafiri wakarudi. Kufika saa nne nilikuwa nimewapa dawa watu wazima kumi na mmoja, na nikawa nimegundua kwamba mtaa wetu una watu warefu kuliko nilivyodhani. Mama wa dukani, ambaye hufikia rafu ya pili kwa kupanda kreti la soda, aligusa mstari wa bluu.

"Nilijua mimi," akasema, akijinyoosha shingo. "Ni hizi ndoo tu zinanididimiza."

Nikamhesabia vidonge vyake, nikaandika. Kisha nikafika barazani kwa Fundi. Nilikuwa nimemwacha wa mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyoacha mlima kwa ajili ya siku atakayokuwa na nguvu. Kifungo alikuwa tayari yuko chini ya meza, anamfunga bandeji kitambaa chenye homa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hicho kijiti kibaki nje."

"Ni dakika moja tu."

"Mimi hupima, sipimwi." Hakuinua macho, mguu uko kwenye pedali. "Miaka thelathini nawazungushia watu tepu. Najua kiuno cha kila mtu hapa, na kiuno alichokuwa nacho kabla ya harusi. Hakuna aliyewahi kunizungushia mimi."

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na Fundi alikuwa amevaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye viganja. Alikuwa amevaa hivyo mwezi mzima. Mimi napiga pasi hatua mbili kutoka kwake, si kipofu. Nilikuwa nimeshamwona akipenyeza rula ya kukatia ndani ya mkono wa blauzi na kusugua, macho yamefumba kwa utamu.

"Kila mtu anameza, Fundi. Hata asiyejikuna."

"Kila mtu si mshonaji." Akasimamisha cherehani. "Nisikilize, mwanangu. Mwenye duka akijikuna, sabuni yake haijikuni. Mimi nikijikuna, gauni linajikuna. Wakiniona nafungua kinywa mbele ya kidonge chako, kesho watasema upele wa mtaa mzima umetoka kwangu. Nani ataniletea kitambaa? Wewe utapiga pasi nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Nikageukia habari njema.

"Basi angalau mpongeze mwenzio. Kifungo leo anameza! Amepita mwekundu."

"Amepita nini?"

"Mstari mwekundu. Sentimita tisini. Amepita kabisa!"

Fundi akavua miwani. Akanitazama mimi, akautazama ufito, akamtazama Kifungo chini ya meza.

"Njoo hapa, mteja wangu," akamwita.

Lazima nieleze kuhusu mlango wa Fundi. Watoto hawatulii kupimwa kwa tepu, wanacheka, wanajikunja. Kwa hiyo Fundi huwasimamisha kwenye mwimo, ule ubao wa ubavuni mwa mlango, anawaambia, "Simama kama mti, usitingishike," anapiga mstari wa chaki juu ya kichwa, kisha anapima mwimo kwa nafasi yake. Mwimo huo umejaa mistari ya mtaa mzima. Wa Kifungo una kiduara chenye matundu mawili, na ulipigwa juma lililotangulia, siku ya gauni la maua.

Fundi akaweka tepu chini, akaivuta hadi kwenye kiduara. "Themanini na nane."

"Amerefuka," nikasema.

"Mtoto harefuki hivyo kwa juma moja hata ukimmwagilia maji. Lete hicho kijiti."

Akausimamisha ufito kando ya mwimo. Mstari mwekundu ulikuwa chini ya chaki ya Kifungo. Akapima. "Themanini na tatu. Tisini yako imepungukiwa saba."

Nikaugeuza ufito. Mwisho wake wa chini haukuwa na rangi. Ulikuwa mweupe, mbichi, kama pengo la jino lililong'oka jana.

Nikaikumbuka meza. Nikalikumbuka tabasamu la mwashi.

"Baba Kifungo!"

Alikuja mbio na sabuni ya kunyolea bado iko shavuni. Nikamnyooshea ufito.

"Kipande kidogo tu!" akasema. "Kule chini hakukuwa na mstari wowote! Nikadhani ni ziada. Nilitaka nikushangaze, uandike vizuri..."

"Ziada!" Fundi akadakia. "Sasa naelewa kwa nini ukuta wangu una nyufa."

Ningecheka, lakini nilikuwa nahesabu. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshameza kwa kipimo cha mguu wa meza. Na Kifungo alikuwa amebakiza masaa mawili. Na nitasema jambo ambalo silionei fahari: kwa kitambo kidogo nilifikiri, ni sentimita mbili. Themanini na nane, tisini. Akisimama kwa vidole vya miguu. Nani angejua?

Fundi aliniona ninavyofikiri. Amesoma miili ya watu miaka thelathini.

"Sentimita mbili kwenye suruali ni aibu tu," akasema polepole. "Kwenye dawa sijui ni nini. Na wewe hujui. Ndiyo maana waliojua wakapiga mstari."

Nikakaa kwenye kizingiti. "Basi ni kumpaka tena. Nitampaka, atapona, na utarudi tena."

"Kwa nini urudi?"

Aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshajua. Nililitazama lundo la vitambaa na shimo dogo katikati, shimo la umbo la mtoto aliyelala. Kisha nikautazama mkono wake uliofungwa vifungo. Alikuwa ameushika kwa mkono wa pili.

"Fundi," nikasema, "Kifungo hawezi kumeza. Mmezee wewe."

Alikunja tepu, akaikunjua, akaikunja.

"Mpigie muuguzi kwanza," akasema mwishowe. "Kosa ni kama mshono, ukichelewa kulifumua linakaza."

Nikapiga simu. Nilieleza yote kwa pumzi moja, mpaka meza, mpaka pimamaji.

"Watoto wangapi wamemeza?" Sauti ya muuguzi ilikuwa kavu.

"Hakuna. Hata mmoja."

Nikasikia akishusha pumzi. "Haya. Wakubwa, kidonge kimoja cha ziada si cha kututia hofu, lakini niandikie wote, na leo hii nitapita kuwaona mmoja mmoja. Usimpe mtu mwingine mpaka upate kipimo cha kweli."

"Nitakitoa wapi sasa hivi?"

Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa simu.

"Kipimo kipo," akasema ndani ya simu, kwa sauti ya mtu anayekubali tenda ya sare za shule. "Tena hakijawahi kukatwa."

Nikamsomea Fundi urefu wa kila mstari, ulioandikwa kwenye jalada la daftari, yeye akapiga mistari minne kwenye mwimo, kila mmoja kwa chaki ya rangi yake. Alipima mara tatu. Mara ya tatu alimpima hata muuguzi, ambaye alikuwa amefika kwa pikipiki na kuvuliwa viatu kabla hajasalimia. "Kisigino kinadanganya," Fundi alimwambia.

Tukatangaza upya, safari hii kwa maneno yaliyopimwa: anayetaka kujua urefu wake wa kweli aje mlangoni kwa Fundi. Walikuja wote, mpaka yule wa darini, na utando wa buibui kichwani. Fundi alikuwa jemadari. "Nyoosha mgongo. Toa kilemba, kilemba hakimezi dawa. Wewe, tumbo ndani, napima urefu, sipimi shibe." Wale kumi na mmoja nao walirudi kupimwa upya kwa ajili ya daftari. Mama wa dukani alipoambiwa kuwa bluu si yake, alishusha mabega.

"Rudi kwenye kreti lako," Fundi akampa pole.

Watoto wakameza, muuguzi akitazama. Walio chini ya mwekundu wakapewa mirija ya kupaka, na Kifungo akawa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa sababu mrija wake ulikuwa na mfuniko kama kifungo.

Kisha muuguzi akapitisha kalamu kwenye daftari langu. "Bado mmoja."

Baraza lote likamgeukia Fundi.

"Mimi hupima..." akaanza, na mwisho wa sentensi haukuja.

Kifungo alikuwa ameokota tepu sakafuni. Akaiburuta mpaka kwenye mwimo, akapiga ubao kwa kiganja.

"Simama hapa, Fundi. Kama mti. Usitingishike."

Watu wakacheka, na Fundi naye akatabasamu. Akavua ndala. Akasimama mlangoni kwake mwenyewe, mgongo umenyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikapanda kwenye kigoda, nikamwekea mkono juu ya kichwa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania. Nikamhesabia vidonge, na ili apokee kikombe cha maji alifungua vifungo vya mkono wa blauzi, kimoja, cha pili, akaukunja hadi kiwikoni mbele ya kila mtu.

Ngozi yake ilikuwa imechakaa kwa rula.

Mama wa dukani akaangalia. Nikajiandaa kumjibu. Badala ya kusema, akakunja mkono wake mwenyewe.

"Wangu ulianzia hapa," akasema. "Nikasema ni joto."

"Mimi nilisema ni sabuni mpya," akasema yule wa darini.

"Mimi nilisema ni mbu."

Mikono ikawa inakunjwa kila upande, kila mmoja na jina alilompa mgeni wake, kumbe tulikuwa tunafichana kitu tunachogawana. Fundi akavitia vidonge kinywani, akanywa, akafuta midomo.

"Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha," akasema. "Huu wa kwetu ulichagua wenye kucha kama majembe."

Mchana huo kila kamba ya nguo ilijaa mashuka mpaka mtaa ukaonekana kama unataka kuruka. Lundo la vitambaa nililifua na kulipiga pasi lote, kipande kwa kipande, Kifungo akiniambia vyeo vyao. Baada ya wiki tukameza tena, na safari hii hakuna aliyesafiri. Ufito nilimrudishia muuguzi ukiwa na kipande chake kimefungwa kwa uzi mwekundu wa Fundi. Akacheka, akautupa, akaleta mwingine wa bati. Meza yetu imerudi kuchechemea. Baba Kifungo ameniahidi kuirekebisha, na nimemwambia asiguse kitu chochote chenye rangi.

Mwezi ulipokwisha, muuguzi alimkagua Kifungo kati ya vidole, viwikoni, kiunoni, nyuma ya magoti. Akavaa miwani, akakagua tena. Kisha akaandika.

Jumatatu tulipitia kwa Fundi kwanza. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, ya maua, aliyojishonea mwenyewe. Akamsimamisha mteja wake kwenye mwimo.

"Themanini na tisa," akasema. "Usiwe na haraka."

Mwalimu alikuwa mlangoni mwa chekechea. Alisoma karatasi, akaikunja, akachuchumaa. Kifungo akaficha mikono nyuma ya mkoba, kama alivyozoea. Mwalimu akanyoosha mkono wake, akangoja. Hakuugusa ukosi.

Mkono mmoja ukatoka nyuma ya mkoba, taratibu. Mwalimu akaushika wote, kiganja na vidole vitano, akaingia nao ndani.